Wimbo Ulionyooshwa Mguu

Mabatini, Jumamosi saa nne asubuhi, hakuna anayemsikia mwenzake. Mwaka huo wa tisini na nane kila mtu alikuwa amefungua kitu. Huyu duka la mitumba, yule saluni, huyu genge la chipsi, na Bilali alikuwa amefungua kibanda cha kurekodia kaseti, spika mbili kazigeuzia barabarani, ukipita lazima ucheze hata kama unatoka msibani. Humo kibandani ndimo Bernadeta Mayala alimomkanyaga mtu vidole.

"Mama wee! Dada, hicho kisigino au nyundo?"

"Jamani kaka, samahani. Sikukuona."

"Hukuniona? Na urefu wote huu?"

"Urefu gani na umechutama?"

Kweli alikuwa amechutama. Alikuwa anaokota waya wa breki ya baiskeli uliomponyoka, maana nyuzi za gitaa zilikuwa adimu na waya wa breki ukiufumua vizuri unalia vilevile. Aliposimama, Bernadeta akajikuta anainua kidevu. Shati la maua mekundu, suruali bwanga inafagia sakafu, gitaa mgongoni limefungwa kwa kanga. Ndiye Masalu Chenge, mpiga gitaa la solo wa bendi moja ya Nyakato. Naye Masalu akaona nywele za kalikiti zinazong'aa, blauzi nyeupe yenye mabega ya kutunishwa, sketi ya marinda, na kwapani faili jekundu limekumbatiwa kama mtoto mgonjwa.

"Una nini humo? Hati ya nyumba?"

"Nota. Nipo chuo cha ualimu Butimba, mwaka wa mwisho, nachukua muziki. Nimekuja kunakilisha kaseti ya kwaya."

Masalu akafunga waya wake, akakaza, akaanza kupiga. Bilali akazima spika mwenyewe bila kuambiwa. Mama aliyekuwa anabishana bei ya kaseti akaacha kubishana. Bernadeta moyo ukamwenda mbio, lakini si unajua watu wa chuo, haliwezi kupita jambo zuri bila kulifanyia mtihani. Akachomoa karatasi.

"Hebu nipigie hii."

Masalu akaitazama ile mistari mitano na vile vichwa vyeusi. Kwake yeye vilikuwa dagaa walioanikwa kwenye waya. Jasho likamtoka nyuma ya shingo.

"Unasoma nota, lakini?" Bernadeta akauliza.

"Mimi? Nasoma vizuri tu." Akameza mate. "Ila kwanza niimbie kidogo, nijue kwenu mnaenda kwa mwendo gani."

Bernadeta akaimba mistari miwili. Masalu macho kwenye karatasi, kidole kinapita juu ya dagaa mmoja mmoja, kisha akaupiga wimbo mzima, na madoido juu, kana kwamba amelala nao mwezi. Bernadeta akabaki mdomo wazi. Bilali akakohoa kikohozi kisicho na mafua.

Basi. Mwenzenu Bernadeta akawa amekwisha kwa mapenzi.

Simu ilikuwa ile ya kibanda cha Bilali. Bernadeta alipiga kutoka simu ya kadi karibu na chuo, foleni nyuma yake inanuna.

"Haloo, kwa Bilali hapo? Naomba Masalu."

"Masalu yupi? Hapa wanapita watatu."

"Mwenye gitaa."

"Wawili wana magitaa."

"Bilali, bwana!"

"Aaa, mwalimu! Yupo, anajitazama kwenye kioo cha pikipiki ya watu. Masaluuu! Dagaa wako wanapiga simu!"

"Dagaa gani?" Bernadeta akauliza, lakini simu ilishachukuliwa.

"Haloo, dia."

"Dagaa gani?"

"Achana na huyo. Umekula?"

"Maharage. Kesho maharage. Keshokutwa kisia nini."

"Nikuletee sato wa kukaanga?"

"Ukiniletea sato, bweni zima litakupenda."

"Mimi sitaki bweni zima. Nataka wa kitanda cha dirishani tu."

"Masalu! Watu wananisikia huku!"

Bernadeta akamtumia na barua pia, kwa mkono wa rafiki yake Selina. Ndani hakuandika neno hata moja, aliandika nota tu, mistari minne. Jumapili yake walipokutana Capri Point, wamekaa juu ya mwamba, ziwa linapigapiga chini, Bernadeta akauliza kwa deko, "Ulipata barua yangu?"

"Nilipata. Nimeipiga kwenye gitaa usiku kucha. Bernadeta, nilitokwa na machozi."

"Kweli? Ulionaje?"

"Mapenzi matupu. Hasa pale katikati."

Bernadeta akaanza kucheka. Akacheka mpaka akashika mwamba. "Masalu! Ule ni wimbo wa chekechea! Wa kunawa mikono! Nilikuandikia kwa utani!"

Alipogeuka, kicheko kikakatika chenyewe. Masalu alikuwa ameinamisha kichwa, masikio yamemwiva.

"Sijui," alisema kwa sauti ndogo. "Sijui hata moja. Nilikudanganya siku ya kwanza, ikabidi niendelee."

"Si ungesema tu."

"Nilishawahi kusema. Nikiwa na miaka kumi na tano niliingia kwaya ya kanisa pale Nyakato nilipohamia. Mwalimu akasema wasiojua nota wasimame. Nikasimama peke yangu, na shati la kuazima. Akasema, 'Wewe siyo mwanamuziki, wewe ni mwigaji.' Nikatoka, kanisa zima linanitazama, na kiti nikakiangusha. Sauti ya kile kiti naisikia mpaka leo."

Bernadeta akamshika mkono. "Sitamwambia mtu."

"Na wewe unaonaje? Mimi siyo mwanamuziki?"

Hapo ndipo msichana wa watu angesema neno moja zuri na mambo yakaisha. Lakini alikuwa na miaka mitatu ya chuo kichwani. Akasema, "Unajua, mwanamuziki asiyesoma nota ni kama mtu anayejua kusema ila hajui kuandika. Siku akifa, maneno yake yamekwenda."

"Na anayeandika bila kuwa na la kusema?"

"Huyo naye anafaulu mtihani," Bernadeta akajibu, wakacheka wote wawili, na jambo likapita juu juu.

Masalu akachukua gitaa. "Basi sikiliza hili, mwalimu. Uniambie kama lina daraja."

Alipiga wimbo ambao Bernadeta hakuwahi kuusikia popote. Ulitembea vizuri, hatua mbili zilizonyooka, halafu ghafla ukapunguka, kama mtu aliyekanyaga shimo, kisha ukainuka na kuendelea. Ukanyooka tena, ukapunguka tena.

"Mbona unaruka hapo?"

"Hauruki, unachechemea. Ni mama yangu, yuko Magu. Jiwe lilimwangukia mguu nikiwa mdogo. Nikiwa nimelala nilikuwa namsikia akirudi kutoka shamba la pamba, hatua zake tu, najua mama huyo. Wimbo nimeutunga kwa hatua zile."

"Acha niuandike, Masalu. Usipotee."

Upepo wa ziwa ulikuwa unaipeperusha karatasi, Masalu akaishikilia kwa viganja vyote viwili akiwa amepiga magoti mbele yake, na Bernadeta akaandika. Kila alipofika pale pa kuchechemea alikwama. Chuoni walizoea kila chumba cha nota kiwe na mapigo manne, na hapa palikuwa na moja pungufu. Akafuta, akaandika, akafuta. Mwisho akaongeza lile pigo lililokosekana. Wimbo ukakaa sawa. Masalu akaitazama karatasi kwa heshima yote, asione kitu.

"Ndiyo mama huyo?"

"Ndiyo yeye," Bernadeta akasema.

Sasa sikiliza. Kazi ya mwisho ya somo la muziki ilikuwa kutunga wimbo mpya wa kwaya. Wenzake walishakusanya, Bernadeta faili lilikuwa tupu. Kila alichotunga kilifanana na kitabu. Alijua kanuni zote na hakuwa na wimbo hata mmoja. Siku ya mwisho akakaa kitandani, akatoa ile karatasi ya Capri Point, akaongeza sauti ya pili, ya tatu na ya nne, akaweka maneno ya kumshukuru mama. Juu kulia palikuwa na neno Mtunzi na nukta nukta. Kalamu ikasimama. Akajiambia, mimi ndiye niliyeandika. Akajiambia, hata sauti nne ni zangu. Akajiambia, nitamweleza. Akaandika B. Mayala, kwa haraka, kama mtu anayekojoa njiani.

Madam Wilhelmina, mwalimu wao wa muziki, mama wa miwani ya cheni asiyesifu hata jua likichomoza, alisoma karatasi, akavua miwani.

"Bernadeta. Huu umeutoa wapi?"

"Nimetunga, Madam."

"Basi tangu leo nakuamkia."

Darasa zima likapiga makofi. Bernadeta akatabasamu akiangalia dawati. Kwaya ya chuo ikaufanyia mazoezi, na redio mpya ya mjini, iliyokuwa inatafuta kwaya za kipindi cha Jumapili, ikawarekodi. Wiki ile hakumpigia Masalu. Wala iliyofuata. Alipopelekewa ujumbe kupitia Selina akasema anajisomea.

Jumapili saa tatu asubuhi, Masalu alikuwa kibandani kwa Bilali, amevaa shati lililopigwa pasi, anasubiri simu isiyokuja. Redio inaimba kwaya. Ghafla akainua kichwa.

"Bilali, ongeza sauti."

Ulikuwa wenyewe. Sauti nne, nzuri, laini, kama shuka jipya. Ulifika pale, akasubiri mguu upunguke. Haukupunguka. Ulikanyaga sawasawa, kulia na kushoto, kama askari. Mtangazaji akasema wimbo umetungwa na mwanachuo Bernadeta Mayala.

"Huyo si mwalimu wetu?" Bilali akaanza kwa furaha, kisha akamwona rafiki yake usoni, akazima redio.

"Wamemnyoosha mama yangu mguu," Masalu akasema. Akachukua gitaa, akalifunika kanga.

Jioni ile simu ikalia.

"Haloo Bilali, naomba Masalu."

Bilali akaziba simu kwa kiganja. Akarudi. "Anasema hayupo."

"Bilali, anasemaje hayupo kama hayupo?"

"Mwalimu, mimi nauza kaseti tu."

Kesho yake Bernadeta alikwenda mwenyewe, hakupaka hata mafuta. Masalu alikuwa amekaa juu ya kreti la soda, gitaa limefunikwa kanga kama maiti.

"Masalu, nisikilize. Nilitaka kukwambia."

"Lini? Baada ya kaseti kutoka?"

"Niliogopa kufeli. Faili lilikuwa tupu."

"Bernadeta, mimi nilidanganya kwamba najua kusoma. Nilijiaibisha mwenyewe. Lakini wewe uliniibia mbele ya macho yangu, na karatasi nikakushikia upepo usiipeperushe. Nilipiga magoti, Bernadeta! Nilipiga magoti nikakushikia!"

Watu kibandani wakajifanya wanachagua kaseti.

"Na kile ulichoiba hukukiiba hata kizima," akaongeza, sasa kwa upole, na upole ndio uliouma. "Ukakitengeneza. Yule mwalimu wa Nyakato aliniambia mimi mwigaji. Wewe sasa tukuite nani?"

Bernadeta alitoka Mabatini kwa miguu hadi Butimba. Hakuona gari, hakuona mtu. Njia nzima alisikia kiti kinaanguka kanisani, na aliyekiangusha safari hii ni yeye.

Jumanne kwaya ilipokusanyika ukumbini, akanyoosha mkono kabla Madam hajapiga nota ya kuanzia.

"Madam, wimbo siyo wangu."

"Unasemaje?"

"Kautunga Masalu Chenge, anapiga gitaa Nyakato. Hajui nota. Nimeuandika nikaweka jina langu. Naombeni msamaha wote. Na mliouimba redioni nimewatia aibu."

Selina akaangalia viatu vyake. Kijana mmoja wa sauti ya besi akasema, "Khaa!" kisha akajutia.

Madam Wilhelmina akavua miwani, akaifuta kwa muda mrefu. "Kazi yako nimeifuta. Utarudia somo mwakani, cheti utawasindikiza wenzako kuchukua. Redio nitawaandikia leo, jina lirekebishwe. Umesikia?"

"Ndiyo, Madam."

"Kingine?"

"Wimbo wenyewe nimeuharibu. Unachechemea, Madam, nikaunyoosha. Nilidhani hauandikiki."

"Imba anavyopiga yeye."

Akaimba, machozi yanaingia mdomoni. Madam akahesabu kwa vidole juu ya meza: nne, nne, tatu. Nne, nne, tatu.

"Nani kakudanganya kwamba hauandikiki? Chumba cha tatu unakiwekea mapigo matatu, basi. Nota hazina kosa, binti yangu. Hukuzijua vya kutosha na hukutaka kuuliza. Toka nje ukaandike."

Siku nne aliandika. Siku ya tano akaingia kibandani kwa Bilali, wateja wamejaa, akasimama mbele ya lile kreti la soda. Juu kulia kwenye karatasi paliandikwa Mtunzi: Masalu Chenge, kwa wino wa bluu, herufi kubwa.

"Nimeshasema chuoni," akaanza. "Mbele ya wote. Narudia mwaka."

"Nimesikia. Redio wametaja jina langu. Bilali kaninunulia soda." Hakuinua uso. "Hiyo karatasi ya nini? Unajua siwezi kuisoma."

"Ndiyo maana nimekuja kuisoma mbele yako. Ukisikia mahali siyo mama, sema."

Akaimba. Pale kibandani, mchana kweupe, bila kwaya, bila gitaa. Nne, nne, ikapunguka. Masalu akafumba macho. Bernadeta akafika mwisho, akashusha karatasi.

"Siyo," Masalu akasema.

"Siyo?"

"Karibu. Lakini ule mguu mbovu umeukalisha. Mama akiufikia anaugusa tu, anakimbia kwenye mzima. Unamuuma, Bernadeta. Hauwezi kukaa."

Bernadeta akafungua mkoba, akatoa penseli. "Basi nota hiyo ni ndefu mno. Fupi yake inawekwa mkia."

"Ipi?"

"Hii hapa."

"Huyu dagaa?"

"Huyo dagaa."

Masalu akamtazama kwa mara ya kwanza tangu aingie, kisha akanyoosha mkono. "Lete penseli. Nionyeshe mkia unakaaje."

Akamshika mkono, wakachora pamoja. Mkia ulitoka mnene na mpinda, kama wa mbuzi. Masalu akaukodolea macho.

"Sasa huyo anachechemea?"

"Anachechemea."

"Uongo."

Bernadeta akaimba chumba kile kimoja. Masalu akarudisha kichwa nyuma, akacheka, macho yamejaa maji. "Mama huyo! Bilali, njoo uone, nimemwandika mama!"

"Nione nini, na mimi sijui kusoma hayo madude?"

"Utafundishwa. Tuna mwalimu, ana mwaka mzima wa ziada."

"Umenisamehe?" Bernadeta akauliza.

"Bado. Siyo mimi uliyeninyoosha mguu." Akafunua gitaa. "Jumapili tunakwenda Magu. Ukamwambie mwenyewe."

"Kwenu? Nitaendaje kwenu kama nani?"

"Kama nani tena?" Masalu akaanza kukaza waya wa breki ambao haukuwa umelegea. "Kama mkwe. Unakataa?"

Bernadeta akatikisa kichwa, halafu akaona ametikisa vibaya, akakiinamisha haraka mara tatu. Bilali akarudisha spika barabarani kwa sauti ya mwisho.

Jumapili hiyo alivaa gauni la kitenge lililofika chini ya magoti, kilemba, viatu bapa, na njia nzima ya Magu alirudia moyoni maneno ya kuomba radhi. Walipoingia uani hapakuwa na mtu. Kisha akasikia nyuma ya nyumba, kabla hajaona. Hatua, hatua, nusu hatua. Akasimama palepale. Alikuwa anaujua wimbo huo.

Mama akatokea na ndoo ya maji, kanga mbili, mwembamba, macho ya Masalu yaleyale.

"Shikamoo, mama," Bernadeta akapiga goti.

"Marahaba." Akamtazama kutoka kilemba mpaka viatu. "Huku Magu redio inafika, mwanangu, na wimbo wa hatua zangu naujua. Wewe ndiye yule daktari aliyeninyoosha mguu?"

Bernadeta alitamani ardhi ipasuke. Maneno yote aliyoyarudia njiani yakapotea.

"Ndiyo, mama," akasema. "Ni mimi."

"Mbona bado unaniuma?"

Masalu akaziba mdomo. Mama mwenyewe akaanza kucheka, akamkabidhi mwanawe ndoo. "Na wewe Masalu unacheka nini? Hujaniambia ng'ombe wa mahari wanakwenda kwao lini. Au nao utawaandika kwenye karatasi?" Kisha akamnyooshea Bernadeta mkono. "Wabeja, asante kwa kukubali kosa, mwanangu. Njoo unishike, huku kuna mawe."

Bernadeta akainuka, akamshika kiwiko, wakaanza kuelekea mlangoni. Mwanzo alitembea kama alivyozoea, sawasawa, wakagongana mabega. Basi akaacha kuhesabu, akasikiliza, na pale mama alipougusa ule mguu na kuukimbia, naye akagusa, akakimbia.